UVIMBE UKO KIFUANI, MZIZI UKO FIGONI: USIMFICHE TABIBU



Himidi zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita niliahidi kuendelea na somo la mirathi. Naomba mniwie radhi, leo nitaliahirisha. Kuna jambo limenikaa rohoni, na sehemu yake ni kosa langu mwenyewe. Wahusika wameniruhusu nilisimulie kwa sharti nisitaje majina. Lisome mpaka mwisho, kisha mpelekee mama yako, mkeo na dada yako.

Kuna mama mmoja wa Kibondo, umri umepita miaka hamsini, ambaye hakosi darsa ya wanawake kila tukipanda kutoka Kasulu kwenda huko. Siku moja alimpigia simu mke wangu, akamwambia amepapasa kitu kwenye titi la kushoto. Kidogo tu, kama punje ya karanga. Hakiumi. Alitaka shehe amwombee dua.

Mke wangu akaniambia. Mimi nikafanya nini? Nikamwandikia kombe, nikamsomea maji, nikamwelekeza asali na habasoda, nikamwambia awe na subira, na kwamba husda imezidi siku hizi. Sikumuuliza swali hata moja. Sikumwambia nenda hospitali. Nilijiona nimemaliza kazi.

Ikapita miezi mitano. Punje ya karanga ikawa ndimu. Katikati ya hapo jirani mmoja alishamshauri apigwe chuku palepale juu ya uvimbe, Allah akamwepusha. Mke wangu alipokwenda Kibondo kwa ajili ya msiba, akamwona, akarudi akiwa amekasirika. Akaniambia, "Baba fulani, huyu mama tumemchelewesha sisi." Ndugu zangu, maneno ya mke wangu yalikuwa kweli tupu.

Mama akaenda hospitali ya wilaya, akapewa rufaa ya Mwanza. Mume wake akauza mbuzi wawili na gunia za maharage, wakapanda basi alfajiri kupitia Nyakanazi. Kule wakakutana na daktari mwanamke, akampima, akaona kovu refu ubavuni. Akamuuliza, "Mama, hili kovu ni la nini?" Mama akanyamaza. Akajibu kwamba ni la zamani, aliwahi kuumia.

Yule daktari Allah amjaalie kheri. Hakuridhika. Akamwomba mume atoke nje kidogo, akafunga mlango, akauliza tena. Hapo mama akalia. Akasema kwamba miaka kumi na moja iliyopita, alipokuwa akiishi mbali na marehemu mume wake wa kwanza, alikojoa damu, akapimwa, akakutwa na uvimbe kwenye figo, na figo ile ikatolewa yote. Akaambiwa amepona. Mume alipofariki akarudi nyumbani Kibondo, akaposwa na mjane huyu, akaogopa. Akajiambia: nani ataoa mwanamke mwenye figo moja? Makaratasi akayafungia kwenye sanduku chini ya nguo. Miaka yote hiyo siri ile alikuwa nayo peke yake.

Kijana wake akapigiwa simu, akafungua sanduku, akapiga picha makaratasi yale na kuyatuma kwa simu. Kinyama kikachukuliwa kwenye uvimbe, kikapelekwa maabara, na wataalamu wakakiangalia wakiwa na habari ile mkononi. Majibu yakatoka: hii si saratani ya titi. Ni saratani ya figo ile ile ya miaka kumi na moja nyuma, iliyosafiri na kukaa kwenye titi.

Nilipoelezwa nilidhani nimesikia vibaya. Figo na titi wapi na wapi? Nikamwomba daktari anifahamishe, na baadaye nikawauliza wengine. Nawapa kwa ufupi nilichofahamu.

Figo zetu ni mbili, ziko mgongoni chini ya mbavu, kila moja yapata ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita hapo. Kwa hiyo saratani ikiota kwenye figo, chembe zake zikiingia kwenye mshipa zina njia pana ya kusafiria. Mara nyingi huenda kwenye mapafu, mifupa, ini, tezi na ubongo. Kwenye titi huenda kwa nadra sana. Na ina tabia moja ya ajabu: inaweza kulala kimya muda mrefu, hata miaka kumi na zaidi baada ya figo kutolewa, kisha ikajitokeza mahali ambapo hakuna aliyepatarajia.

Dada zangu, sitaki mtu alale na hofu leo. Vimbe nyingi za kwenye titi si saratani kabisa. Na zile ambazo ni saratani, karibu zote zimeanzia kwenye titi lenyewe. Kati ya saratani 100 zinazokutwa kwenye titi, zilizotoka kiungo kingine ni kama 2 au pungufu, na za kutoka figoni ni chache zaidi. Basi kwa nini nawasimulia jambo la nadra hivi? Kwa sababu ya matibabu.

Uvimbe uliotoka figoni mara nyingi huwa wa duara, hauvuti ngozi, hautoi maji kwenye chuchu. Mtu anaweza kuudharau. Au anaweza kuuona ni saratani ya titi ya kawaida, akakata titi lote na kuanza dripu na vidonge vya homoni. Dawa hizo ni rehema kubwa kwa mwenye saratani ya titi, lakini kwa saratani ya figo hazina msaada wa maana. Hii ina njia yake: pengine uvimbe wenyewe tu hutolewa, pengine hutumika dawa za kuzuia mishipa inayoulisha, au dawa za kuamsha kinga ya mwili. Maradhi mawili yamekaa mahali pamoja, dawa zake ni mbalimbali. Na kinachotenganisha ni maabara pamoja na historia ya mgonjwa. Maabara ni kazi ya wataalamu. Historia iko mdomoni kwako wewe.

Wala ugonjwa kuota hapa na kuonekana pale si hadithi ya kigeni Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi akamkuta Jinja mtoto mwingine mwenye uvimbe kwenye taya na tumboni pia. Wengine walikuwa wakiyaona hayo kama maradhi tofauti. Yeye akarudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akaunganisha, akagundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo na wa viungo vingine kwa watoto wale ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakipita hospitali moja hadi nyingine wakiuliza: je, ninyi mmeuona? Leo unajulikana kwa jina lake, na imefahamika kwamba unahusiana na sehemu zenye malaria nyingi. Ugonjwa huo unaweza kushika figo, na kwa mama anayenyonyesha unaweza kuvimbisha matiti yote mawili. Huo husikia sana dripu. Ile saratani ya figo ya yule mama haisikii. Unaona tofauti? Zote zinaweza kugusa figo, zote zinaweza kufika kwenye titi, lakini ukikosea jina umekosea dawa.

Na Burkitt alifika alipofika kwa kuuliza. Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza katika hilo. Allah katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika Suratun Nahl, aya ya 43, ametuelekeza tuwaulize wenye elimu katika tusiyoyajua.

Sasa nina maneno kwa makundi matatu.

KWANZA: Kwetu sisi masheikh, maustadhi na wasomaji ruqya.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W) alighadhibika, akasema wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba mtu asiyejua tiba yake ni kuuliza.

Nimekisoma kisa hiki mimbarini mara ngapi? Nyingi. Nilikuwa nikidhani kinawahusu watu wengine. Usiku ule mke wangu aliporudi kutoka Kibondo ndipo nilipojua kwamba kinanihusu mimi. Walitoa jibu wasilolijua, na mimi nilitoa jibu nisilolijua. Tofauti ni kwamba mama yetu Allah amembakizia uhai.

Pia imepokewa kwamba mwenye kujifanya tabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, anabeba dhamana ya atakayemdhuru. Na Saad bin Abi Waqqas (R.A) alipougua kifua, Mtume (S.A.W) alimtembelea, akaweka mkono juu ya kifua chake, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif kwa kuwa alikuwa mtu wa tiba. Angalia vizuri. Mkono wa Mtume uko kifuani, dua ya Mtume ipo, na bado mgonjwa anapelekwa kwa tabibu. Mimi ni nani nizuie kwa kombe langu?

Ruqya ni haki na tunaiamini. Isomwe. Lakini mgonjwa akikuletea uvimbe, neno lako la kwanza liwe: "Umeshapimwa?" Kama bado, msomee kisha mwandalie nauli. Usipige chuku juu ya uvimbe usioujua, usichanje chale, usipake majani. Na ukiwa hujui, sema sijui. Hakuna aibu katika neno hilo, maimamu wakubwa walilisema.

PILI: Kwenu wagonjwa, hasa mama zangu na dada zangu.

Wengi mmefundishwa kwamba kusitiri ni wema. Ni kweli. Lakini kusitiri kuna mahali pake. Mwanamke wa Kiislamu mwili wake ni sitara, na bado wanazuoni wameruhusu sehemu inayohitajika ifunuliwe kwa ajili ya matibabu. Atafutwe kwanza tabibu mwanamke. Akikosekana, mwanamume kwa dharura, kwa kiasi cha haja na bila faragha ya wawili. Sasa ikiwa mwili wenyewe umeruhusiwa kufunuliwa mbele ya tabibu, vipi habari ya figo iliyotolewa iwe haramu kutajwa? Aliyemvulia tabibu nguo akamfichia historia, amefunua kikubwa na kuficha kidogo ambacho ndicho chenye faida.

Basi mwambie tabibu kila kitu. Upasuaji wowote uliowahi kufanyiwa, hata kama ni wa miaka ishirini iliyopita, hata kama uliambiwa umepona. Uvimbe wowote uliowahi kutolewa, na kiungo gani. Dawa unazotumia, pamoja na za miti shamba na za shehe. Watu wa ukoo wako waliougua saratani. Usijiambie kwamba figo haihusiani na titi. Hiyo si kazi yako kuamua.

Makaratasi ya hospitali ni amana, usiyachome. Wengi wetu tukipona tunawashia moto jikoni. Yatie kwenye mfuko wa nailoni, yapige picha, mtumie mtoto wako unayemwamini. Kwa wale ndugu zetu wa kambi za Nyarugusu na Nduta, ambao wamehama mara kwa mara na karatasi zao zimepotelea njiani, angalau mwelezeni mtu mmoja wa karibu mlifanyiwa nini na wapi.

Na tukiwa kwenye mada hii: damu kwenye mkojo isidharauliwe. Huku kwetu tumezoea kusema ni kichocho au ni mkojo mchafu, tunakwenda duka la dawa tunanunua vidonge. Mara nyingi inaweza kuwa hivyo kweli. Lakini inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya figo au kibofu. Kapime. Maumivu ya ubavuni yasiyoisha, kapime. Uvimbe kwenye titi, hata usiouma, kapime. Na wanaovuta sigara wajue kwamba moshi ule ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya figo, pamoja na unene uliopitiliza na shinikizo la damu.

Najua kuna dada atasema: "Shehe, Kibondo mji mdogo. Nikimwambia muuguzi leo, kesho sokoni wanajua." Hofu hii siidharau, kwa sababu imewahi kuwa kweli kwa baadhi ya watu. Omba mlango ufungwe. Omba kuzungumza na daktari peke yake, kama alivyofanya daktari wa Mwanza. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye zahanati na hospitali, siri ya mgonjwa ni amana mtakayoulizwa mbele ya Allah. Midomo yenu ikivuja, watu watakufa wakiwa kimya.

Na yupo atakayesema: "Ajali imeshaandikwa, nikisema nisiposema ni ile ile." Mkumbuke Umar bin Khattab (R.A) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapewa habari ya tauni, akaamua kurudi na watu. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, akajibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah na kwenda kwenye kadari ya Allah. Kumweleza tabibu ukweli nako ni kadari. Ichague.

TATU: Kwenu waume.

Mama yule hakuficha kwa sababu ana hila. Alificha kwa sababu amesikia maneno yetu. Tunakaa kijiweni tunasema fulani kaoa mgonjwa, fulani kauziwa mbuzi kwenye gunia. Wake zetu wanasikia. Kisha tunashangaa kwa nini hawasemi.

Nilimuuliza mume wake alijisikiaje alipoitwa ndani na kuelezwa. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Shehe, mimi nilioa mtu. Sikuoa figo mbili." Kisha akasema kilichomuuma si figo, kilichomuuma ni kwamba mkewe alilala naye nyumba moja miaka yote hiyo akimwogopa.

Sisemi kwamba mchumba afiche maradhi yake. Kusema kweli wakati wa posa ni bora na ni uaminifu, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Ninachosema ni hiki: jenga nyumba ambayo ukweli unaweza kusemwa. Mwambie mkeo leo: "Kama kuna kitu kuhusu afya yako sikijui, niambie, sitakuacha kwa ajili yake." Kisha timiza. Mkeo akilalamika, usimwambie asubiri mavuno. Kutoka Kasulu mpaka Maweni, Kigoma mjini, ni safari ya siku moja. Ikihitajika zaidi kuna Bugando, Mwanza, na kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Ni mbali na ni gharama, najua. Ndiyo maana nasema pia kwa kamati za misikiti: tunachangishana kwa mazulia na vipaza sauti, basi tuwe na mfuko wa nauli ya wagonjwa. Sisi kwetu tumeanza Ijumaa iliyopita, kwa kile kidogo kilichopatikana.

Mtauliza mama anaendeleaje. Uvimbe ulitolewa, titi halikukatwa. Lakini picha za kifua zilionyesha alama kwenye mapafu, na daktari hakuficha kwamba safari ni ndefu. Anatumia dawa, anarudi kliniki, na wiki mbili zilizopita alikaa kwenye darsa safu ya mbele. Siwezi kuapa kwamba ile miezi mitano ndiyo iliyoyafikisha maradhi mapafuni. Allah ndiye ajuaye. Lakini siwezi pia kuapa kwamba siyo, na hilo ndilo ninaloamka nalo kila alfajiri. Nilimwomba msamaha mbele ya mume wake. Akaniambia, "Nimekusamehe shehe, ila uwaambie na wengine."

Basi nimewaambia.

Allah amponye mama yetu na awaponye wagonjwa wote wa Kiislamu, waliolala majumbani na waliolala wodini. Awape madaktari wetu elimu na ikhlasi. Atusamehe sisi tuliojibu tusiyoyajua. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiiq.

Ndugu yenu, mwenye kuhitaji msamaha wa Mola wake, Kasulu. Sambaza ujumbe huu. Huenda kuna sanduku moja mahali fulani likafunguliwa kwa wakati.